Goti likitoboka: Jinsi maduka ya Marekani hubadilisha nguo za watoto zilizochakaa

MTOTO wa umri wa chekechea humaliza nguo kwa namna yake. Hupiga magoti kwenye changarawe, huteleza kwa makalio kwenye saruji na kusugua viwiko vya sweta mezani kutwa nzima. Miezi mitatu baada ya suruali kununuliwa, goti limetoboka ilhali kiuno kingali kinamtosha. Hapo mzazi hubaki na njia mbili zinazojulikana kila mahali: kutia kiraka au kununua nyingine.

Nchini Marekani kumekuwa na njia ya tatu kwa miaka mingi. Baadhi ya maduka makubwa huahidi kwamba vazi la mtoto likichakaa kabla ya wakati uliowekwa, mzazi alirudishe na apewe jingine, au arejeshewe pesa zake. Hatakiwi kuthibitisha kwamba kiwanda kilikosea. Inatosha kwamba nguo haikuhimili michezo ya mtoto.

Kwa familia iliyohamia huko kutoka Kenya, ahadi ya aina hii huwa ngumu kusadiki. Mtu aliyezoea kusoma kwenye risiti kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi hushuku kuwa huo ni mtego wa kumvutia dukani. Mwingine huamini lakini huona haya kumpelekea mhudumu kaptula yenye tundu. Matokeo ni kuwa mzazi mwenye watoto watatu au wanne hununua nguo ile ile mara mbili kwa mwaka, huku haki aliyokwisha kuilipia ikilala kabatini.

Ndiyo, ameilipia. Duka halitoi sadaka. Gharama ya kubadilisha nguo chache zitakazorudishwa huwa imekwisha kuingizwa katika bei ya zote zinazouzwa, na anayerudisha na asiyerudisha hulipa bei moja. Mfanyabiashara anajua kwamba wateja wengi hawatarudi kamwe: risiti itapotea, mzazi atakosa nafasi ya kwenda dukani, au mtoto atarefuka kabla goti halijatoboka.

Hilo la mtoto kurefuka ndilo kiini cha biashara yote. Mtoto mchanga huongezeka kimo kwa takriban sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza, na ndiyo sababu nguo za watoto wachanga nchini Marekani hupimwa kwa miezi: tatu, sita, tisa, 12, 18 na kuendelea. Nguo ya miezi mitatu haipati muda wa kuchakaa. Lakini mtoto akishapita umri wa miaka minne, ukuaji hupungua hadi kati ya sentimita tano na saba kwa mwaka. Saizi moja sasa yaweza kumfaa mwaka mzima, na huo ndio wakati ambao mbio na kuanguka huzidi. Mzazi anayetaka kufaidi hakikisho la duka hana budi kulielekeza kwenye nguo za umri huu, hasa suruali, sare za shule na makoti, wala si vijoho vya mtoto mchanga.

Kampuni iliyoutambua ukweli huu mapema ni Sears, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa duka la kila familia ya kipato cha wastani nchini humo. Mnamo 1971 ilianza kuuza suruali za jinzi za watoto zilizoitwa Toughskins. Kitambaa chake kilichanganya pamba, poliesta na nailoni ili kisitoboke upesi. Sears iliwaambia wazazi kwamba mtoto angeipita saizi ya suruali hiyo kabla hajaichakaza, na kwamba mambo yakienda kinyume duka lingebeba hasara. Kampuni hiyo ilikuwa na mazoea ya ahadi za aina hiyo. Vifaa vyake vya fundi vya chapa ya Craftsman vilijulikana kwa hakikisho la kudumu: bisibisi ikivunjika, mteja aliipeleka dukani akapewa nyingine.

Katika miaka ya 1990 Sears ilipanua wazo hilo kupitia mpango ulioitwa KidVantage. Sharti lake kuu lilikuwa jepesi kulifahamu. Nguo ya mtoto ikichakaa wakati mtoto angali anavaa saizi hiyo, mzazi aliirejesha na kupewa nyingine ya saizi ile ile bila malipo.

Maneno hayo "saizi ile ile" ndiyo yaliyoufanya mpango uwezekane. Mzazi hakuweza kuutumia kumvalisha mtoto bure kutoka utotoni hadi ujanani, kwa kuwa kila alipokua hakikisho la saizi ya zamani lilikufa lenyewe. Hakukuwa na haja ya kugombania tarehe. Kimo cha mtoto kilikuwa ndiyo kalenda. Kwa upande wa mzazi, sharti hilo lilimaanisha kuwa ilimpasa kuwahi. Suruali iliyotoboka Machi na kurudishwa Machi ilimletea nyingine ya kuvaliwa miezi kadhaa, ilhali ile iliyowekwa pembeni hadi Desemba ingemletea nguo isiyomtosha mtu yeyote nyumbani, labda kitinda mimba.

Mpango huo sasa ni historia, na kisa chake kina funzo kwa anayechagua duka. Sears iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika mnamo Oktoba 2018, na kati ya mamia ya maduka iliyokuwa nayo ni machache mno yaliyosalia. Hakikisho la duka haliwezi kuishi kuliko duka lenyewe. Wakenya hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani walishuhudia Nakumatt, iliyowahi kuwa supamaketi kubwa zaidi nchini, ikifunga matawi yake moja baada ya jingine hadi wadai wake walipopiga kura Januari 2020 ivunjwe. Mzazi anayenunua koti la bei ghali kwa sababu ya ahadi ya miaka mingi ananunua pia uhai wa kampuni, na anapaswa kujiuliza kama kampuni hiyo itakuwapo.

Hivi leo ahadi inayozungumzwa zaidi na wazazi wa Marekani ni ile ya maduka ya Target. Mnamo Julai 2016 kampuni hiyo ilianzisha chapa yake ya nguo za watoto, Cat & Jack, ikichukua nafasi ya chapa mbili zilizotangulia, Circo na Cherokee. Iliambatanisha nayo hakikisho la mwaka mmoja: mteja asiyeridhika na nguo hiyo anaweza kuirudisha pamoja na risiti ndani ya mwaka mmoja, abadilishiwe au arejeshewe pesa. Chapa hiyo iliuza bidhaa za zaidi ya Dola 2 bilioni katika mwaka wake wa kwanza. Nguo zake si za bei ghali, na hapo ndipo umuhimu wake ulipo kwa familia ya kipato kidogo. Kwa kawaida ahadi za namna hii huandamana na nguo za matajiri.

Tofauti yake na ule mpango wa Sears inafaa kuzingatiwa. Hapa kipimo ni tarehe, si kimo. Mzazi anaweza kurejeshewa pesa na kununua saizi kubwa zaidi, kwa hivyo kuchelewa hakumpotezei kila kitu mradi mwaka haujaisha. Kwa upande mwingine, hakikisho la Sears halikuwa na haja ya kuhesabu miezi, ilhali hili hufa siku moja na risiti yake.

Risiti ndiyo inayowashinda wengi. Risiti nyingi za madukani huchapishwa kwa joto kwenye karatasi maalumu wala si kwa wino, na maandishi yake hupauka kwa jua, kwa joto la gari au kwa kukaa tu mkobani. Mwaka unapokaribia kwisha, mzazi hutoa karatasi nyeupe isiyo na neno. Dawa yake ni kuipiga picha kwa simu siku ile ile ya kununua. Iliyo bora zaidi ni kulipa kwa kadi moja ya benki kila wakati, kwa kuwa maduka mengi makubwa, Target likiwamo, yanaweza kutafuta ununuzi katika kumbukumbu zao kupitia kadi hiyo au akaunti ya mteja. Anayelipa kwa pesa taslimu bila kujisajili popote hana ushahidi mwingine zaidi ya karatasi yake. Nguo iliyoletwa kama zawadi ina tatizo lilo hilo, ila maduka mengi humpa mnunuzi risiti ya zawadi isiyoonyesha bei, na aliyepewa zawadi haoni vibaya kuiomba.

Hatua ya pili ni kusoma hakikisho lenyewe kabla ya kulipa, na si siku ya kurudisha. Kuna maswali machache ambayo maandishi yake yanapaswa kuyajibu. Je, linahusu uchakavu wa kawaida au kasoro za kiwandani peke yake? Linahusu chapa zote dukani au ile ya duka tu? Katika duka hilo hilo la Target, nguo ya chapa ya kampuni nyingine iliyoning'inizwa pembeni mwa ile ya Cat & Jack ina masharti tofauti na muda mfupi zaidi. Je, mteja hupewa pesa, nguo nyingine, au hati ya kununulia dukani humo? Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, na yanayofaa kufuatwa ni yale yaliyoandikwa siku nguo iliponunuliwa.

Uchakavu na kasoro ni mambo mawili yanayochanganywa mno. Mshono uliofumuka baada ya kufuliwa mara mbili, zipu isiyofunga, kifungo kilichong'oka wiki ya kwanza na picha ya kifuani iliyobanduka ni kasoro, na duka lolote la heshima litazishughulikia hata kama halina hakikisho. Goti lililotoboka, kiwiko kilicholika, lastiki iliyolegea na sweta iliyojaa vifundo vya nyuzi ni uchakavu, na ni hapa hakikisho la kuridhika linapohitajika. Kuna fungu la tatu, yaani ajali. Shati lililonaswa na msumari au lililomwagikiwa rangi ya kuchorea halikuchakaa wala halikuwa na kasoro. Baadhi ya maduka hulipokea bila maswali na mengine hulikataa, lakini mzazi asijifanye kwamba msumari haukuwapo.

Siku ya kwenda dukani, nguo iwe imefuliwa na kukaushwa. Hili ni suala la adabu, na pia humwezesha mhudumu kuliona tundu badala ya matope. Lebo ya ndani isiondolewe, kwani ndiyo inayoonyesha chapa na saizi. Maelezo yawe mafupi na ya kweli: suruali ilinunuliwa mwezi fulani, imetoboka goti, na duka linatoa hakikisho la mwaka mmoja. Mhudumu wa kaunta huenda akawa mgeni kazini asiyejua ahadi ya mwajiri wake, na mzazi anaweza kumwomba kwa upole amwite msimamizi. Kupaza sauti hakuna faida. Pia si busara kwenda na furushi la nguo 20 kwa mpigo, hata kama zote zina haki.

Furushi hilo ndilo chanzo cha mgogoro ambao umeendelea kwa miaka kadhaa sasa. Katika mitandao ya kijamii, wazazi wamekuwa wakirekodi video wakionyesha jinsi walivyokusanya nguo zote za Cat & Jack za mwaka uliopita, zilizochakaa na ambazo watoto wamezipita tu, wakazirudisha kwa pamoja na kuondoka na pesa za kununulia za mwaka mpya. Wapo waliowapongeza kwa kutumia akili. Wapo waliowashutumu kwa kugeuza hakikisho kuwa karakana ya kuazima nguo.

Wanaoshutumu wana hoja nzito. Ahadi ilikuwa kwamba nguo itadumu. Mtoto aliyeipita saizi hali ikiwa nzima amethibitisha kwamba ilidumu. Kuirudisha kwa kisingizio cha kutoridhika ni kudanganya, na anayelipia udanganyifu huo ni mzazi mwingine atakayekuta bei imepanda au hakikisho limefutwa. Lakini hoja hiyo haimhusu yule anayerudisha suruali moja iliyotoboka kwa michezo ya kawaida. Huyo anafanya kile duka lilimwomba afanye, na hana sababu ya kuinamisha kichwa.

Kwamba hakikisho linaweza kufutwa si kitisho kitupu. Kampuni ya L.L.Bean ya mji wa Freeport, jimbo la Maine, ilianzishwa mnamo 1912 na Leon Leonwood Bean, ambaye bidhaa yake ya kwanza ilikuwa buti za wawindaji zilizokuwa na soli ya mpira na shingo ya ngozi. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa sababu ngozi ilibanduka kutoka kwa mpira. Bean aliwarejeshea wateja pesa zao, akakopa, akatengeneza buti bora. Kutokana na aibu hiyo kampuni ilijenga sifa ya kupokea bidhaa yoyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote. Vizazi vya watoto wa Marekani vilikwenda shuleni na mikoba yake vikijua kwamba kamba ikikatika, utapatikana mwingine.

Mnamo Februari 2018, kampuni hiyo ilitangaza kwamba imekoma. Tangu hapo mteja hupewa mwaka mmoja na hutakiwa kuwa na ushahidi wa ununuzi. Ukipita mwaka, kinachoangaliwa ni kasoro za utengenezaji tu. Mwenyekiti wake, Shawn Gorman, ambaye ni kitukuu cha mwanzilishi, alieleza kwamba kundi dogo lakini linaloongezeka la wateja lilikuwa likiichukulia ahadi hiyo kuwa mpango wa kubadilishiwa bidhaa maishani. Baadhi walileta vitu vilivyotumika miaka mingi. Wengine walileta vitu walivyonunua katika minada ya nguo kuukuu ya majumbani, wakidai kulipwa kwa bidhaa ambayo hawakuwahi kuilipia dukani. Kampuni ilisema hasara ya bidhaa za aina hiyo ilikuwa imefikia Dola 250 milioni katika miaka mitano. Baadhi ya wateja walikwenda mahakamani wakidai kwamba walinunua kwa kuamini ahadi ya kudumu.

Miaka mitano awali, mnamo 2013, ushirika wa REI unaouza vifaa na mavazi ya milimani ulikuwa umechukua hatua kama hiyo, ukapunguza muda usio na kikomo hadi mwaka mmoja. Kwa hivyo mwaka mmoja umekuwa kama kipimo cha kawaida, na anayekutana na ahadi ndefu zaidi ana sababu ya kusoma maandishi madogo kwa makini.

Patagonia, kampuni ya California inayouza pia mavazi ya watoto, imefuata njia nyingine. Hakikisho lake huruhusu kukarabatiwa, kubadilishiwa au kurejeshewa pesa mteja asiporidhika na utendaji wa bidhaa, lakini uchakavu wa kawaida hutengenezwa kwa ada ya wastani katika karakana yake iliyoko Reno, jimbo la Nevada. Kwa maneno mengine, ni fundi wa kushona aliyeajiriwa na kiwanda. Koti la bei ghali linalorithiwa na watoto watatu hufaidika zaidi kwa njia hii kuliko kwa kubadilishwa.

Sheria ya Marekani haimlazimishi mwenye duka kutoa hakikisho la uchakavu. Inamlazimisha kutimiza alichoahidi. Sheria iitwayo Magnuson-Moss, iliyopitishwa mnamo 1975, inataka hakikisho lolote la maandishi lielezwe kwa lugha wazi na, kwa bidhaa zinazozidi Dola 15, lipatikane kwa mteja kabla hajanunua. Kanuni za Tume ya Shirikisho ya Biashara, zilizotolewa mnamo 1985, zinasema kwamba muuzaji asitangaze "kuridhika kumehakikishwa" isipokuwa yuko tayari kurejesha bei kamili mteja akitaka, na kama kuna sharti lolote basi lisemwe katika tangazo. Aidha, anayetangaza hakikisho la "maisha" anapaswa kueleza ni maisha ya nani. Swali hilo si la mzaha. Yaweza kuwa maisha ya mnunuzi, ya bidhaa yenyewe, au ya kitu kingine ambamo bidhaa imefungwa, na kwa nguo ya mtoto tofauti kati ya hayo ni ya miongo.

Nguo hizi hazibaki Marekani. Zile ambazo hazikurudishwa hutolewa kwa mashirika ya misaada, huuzwa kwa wachuuzi wa jumla, hufungwa marobota na hatimaye baadhi hufika Gikomba na Toi jijini Nairobi au Kongowea mjini Mombasa. Si ajabu mzazi kukuta hapo fulana yenye lebo ya Cat & Jack au suruali ya L.L.Bean iliyo karibu mpya. Wako wanaouliza kama hakikisho husafiri na lebo. Halisafiri. Ahadi ilitolewa kwa mnunuzi wa dukani mwenye ushahidi wa ununuzi, na ni madai ya nguo za mitumba ambayo yalisaidia kuua hakikisho la kudumu la L.L.Bean. Jamaa aliye Marekani anayetumiwa nguo hiyo airudishe dukani kama yake anaombwa kusema uongo.

Hali ni tofauti kwa nguo mpya aliyoinunua jamaa huyo mwenyewe na kuituma nyumbani. Risiti ni yake, na ikichakaa ndani ya muda anaweza kuirudisha. Lakini kifurushi cha kurejesha suruali ya mtoto hadi Texas au Minnesota hugharimu zaidi ya suruali yenyewe, isipokuwa apatikane msafiri. Wanaonunua nguo za watoto ng'ambo kwa ajili ya Kenya wangefanya vyema kulipa ziada kwa ubora wa kitambaa wala si kwa hakikisho.

Nchini Kenya hakikisho la uchakavu wa nguo za watoto ni nadra, ingawa hakuna kinachomzuia mwenye duka kulitoa. Ambalo mzazi analo tayari ni haki ya ubora. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinawapa watumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inachukulia kwamba anayeuza bidhaa za aina fulani kama biashara yake ameahidi kuwa zinafaa kuuzwa, hata asiposema neno. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 ilitilia nguvu haki hiyo na kubatilisha masharti yanayonuia kuifuta. Kwa hivyo maneno ya kwenye risiti kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi hayawezi kumkinga aliyeuza sare iliyofumuka mishono wiki ya kwanza ya muhula.

Yanaweza kumkinga, hata hivyo, dhidi ya mzazi aliyebadili nia au aliyekosea saizi. Na hakuna sheria hata moja kati ya hizo inayosema goti lisitoboke baada ya miezi sita ya kucheza mpira wa makaratasi. Hilo ni la mapatano. Mzazi anayenunua sweta tatu na kaptula nne kwa duka moja mwezi wa Januari ana nafasi ya kujadiliana, na akiahidiwa kwamba zikichakaa kabla ya mwaka kwisha atatiliwa kiraka bure au kupunguziwa bei ya nyingine, aombe iandikwe nyuma ya risiti na kutiwa sahihi. Ahadi iliyoandikwa hivyo ni sehemu ya mkataba wa mauzo. Mzozo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mlalamishi hahitaji wakili. Ni kweli kwamba hakuna atakayeshtaki kwa ajili ya kaptula moja. Mwenye duka anayeshona sare za shule nzima ana jina la kulinda, na mara nyingi karatasi hiyo huonyeshwa tu mezani.

Kwa mitumba, sheria hiyo ya Sura ya 31 ina kipengele kinachofaa kukumbukwa. Mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua. Kwa hiyo mbele ya rundo la nguo za watoto, ukaguzi hufanywa papo hapo: suruali huinuliwa kuelekea mwangaza ili magoti yaliyolika yaonekane, lastiki huvutwa, zipu hupandishwa na kushushwa, na mshono wa makalio hutanuliwa kwa vidole viwili kabla pesa hazijatoka mfukoni.